Mbio za Ridhaa na Mbio za Ujira

Neno "ridhaa" sisi watu wa mwambao tumelijua kwanza kutoka kwenye ndoa. Waume wamekaa msikitini au barazani, mwari yuko ndani pamoja na shangazi zake, na kabla ya akadi kufungwa hupelekwa watu wa kuaminika wakamwulize: je, ameridhia? Asiporidhia watu huinuka, hata kama pilau imekwisha iva. Ridhaa, basi, ni moyo kukubali jambo bila ya kulazimishwa na bila ya kununuliwa. Baadaye, redio zilipoenea majumbani, tulilisikia neno hili hili mahali ambapo hatukulitarajia. Watangazaji wa michezo walisema "ndondi za ridhaa", "wanamichezo wa ridhaa", na makusudio yao ni watu wanaocheza bila ya kulipwa. Kwa maoni yetu tafsiri hii ni nzuri kuliko asili yake. Neno la Kizungu latokana na Kilatini, na maana yake ni mpenda. Lakini mtu aweza kupenda jambo na bado akalifanya kwa kuvutwa na mali. Aliyeridhia amekwisha kata shauri ndani ya nafsi yake.

Tumelianza jambo hili kwa sababu linatugusa majumbani. Leo kila mji wetu mkubwa una mbio zake za kila mwaka. Mwanza, mji ule uliojengwa juu ya majabali, una mbio za Rock City Marathon kwa zaidi ya miaka kumi sasa, na vijana wa Kiislamu, wa huko ziwani na wa huku pwani, hujiandikisha pamoja na wenzao. Wazazi wauliza maswali mawili. Wa kwanza asema: mtoto wangu anakimbia asubuhi na jioni, halipwi kitu, je, huu si upotevu wa wakati? Wa pili asema: mtoto wangu amepewa fedha kwa kukimbia, je, fedha hii ni halali? Maswali haya yanaonekana kupingana, nayo ni ya zamani kuliko tunavyodhani.

Twende kwanza Uingereza, kwa kuwa huko ndiko ilikotungwa ile sheria ya ridhaa katika michezo iliyokuja kuutawala ulimwengu. Kaskazini magharibi ya nchi ile pana jimbo la maziwa na milima liitwalo Lake District. Msomaji wa Mwanza akisikia habari za maziwa asije akadhani ni kitu kikubwa. Ziwa lao lililo kubwa kuliko yote, Windermere, halifiki kilomita za mraba 15, hali Ziwa Viktoria lina karibu 69,000. Na mlima wao mrefu kuliko yote, Scafell Pike, una mita 978, ilhali maji ya Ziwa Viktoria yako mita 1,134 juu ya bahari. Yaani mvuvi wa Kirumba anayeusukuma mtumbwi wake majini alfajiri, amekwisha simama juu zaidi ya Mwingereza aliyepanda kilele cha mwisho cha nchi yake! Hata hivyo milima ile si ya kudharauliwa. Ni mikali, ina majani yenye utelezi na mawe yaliyolegea, ukungu huishukia ghafula, na mvua yake haina msimu.

Wenyeji wa mabonde yale tangu zamani ni wafuga kondoo na wachimba mawe. Mchungaji ambaye kondoo wake wametawanyika kileleni hana budi kupanda mbio na kushuka mbio, na watu wanaofanya kazi moja kila siku haukosi kuwaingia ushindani. Basi wakafanya mbio. Watu hukusanyika bondeni, huonyeshwa kilele, na atakayefika juu kisha akarudi wa kwanza ndiye mshindi. Hapana njia iliyolimwa. Kila mmoja hujichagulia pa kupita. Kupanda kwataka pumzi, lakini kushuka ndiko kunakowatenga watu, maana mguu mmoja ukikosea juu ya jiwe lililolowa, mtu hufika chini kwa namna asiyoitaka.

Katika kijiji cha Grasmere, tangu miaka ya 1860, mbio kama hizi zimekuwa zikifanywa katika tamasha la kila mwaka, na mshindi hupewa fedha. Penye fedha pakaja wapokea kamari. Walisimama kando ya uwanja na vibao vyao, wakipokea dau la huyu na la yule, na si ajabu basi kwamba wakimbiaji wengine walificha majina yao ya kweli, na wengine wakawa wanajificha uwezo wao ili dau lipande. Upande wa pili wakawako wakimbiaji wa ridhaa, ambao hawakugusa fedha, nao wakakimbia milima hiyo hiyo chini ya vyama vingine. Makundi mawili haya yalikaa bonde moja, yakanunua mkate kwa mwoka mikate mmoja, lakini hayakuruhusiwa kukimbia pamoja. Aliyewahi kupokea zawadi ya fedha, hata iwe shilingi chache tu, alihesabiwa amechafuka, na akikimbia na watu wa ridhaa aliwachafua na wao. Kulikuwa na mtunza bustani mmoja, Kenny Stuart, aliyeanza kwa mbio za fedha. Alipotaka kuhamia upande wa ridhaa, mwanzoni mwa miaka ya 1980, hakuwa na njia ila kuomba arudishiwe usafi wake. Aliporudishiwa, mwaka 1984 alipanda na kushuka Ben Nevis, mlima wa Uskoti wenye mita 1,345, kwa saa 1, dakika 25 na sekunde 34, na miaka 30 baadaye rekodi hiyo ilikuwa bado imesimama. Swali letu ni hili: miguu ile iliyomchukua mwaka 1984 ilikuwa ni miguu mingine isiyokuwa ile aliyoipokelea fedha?

Mwenye kusoma habari hizi juu juu atasema kuwa Waingereza walikuwa wakiikinga michezo na kamari, na hilo ni jema. Lau ingekuwa hivyo tungewasifu. Lakini tutazame ilivyoanza. Mwaka 1866 ilianzishwa London klabu ya riadha ya watu wa ridhaa, na katika kueleza ni nani astahiliye kuitwa mtu wa ridhaa, kanuni yake iliwatoa nje si wale waliokimbia kwa fedha tu, bali pia fundi, mtu wa kazi za mikono, na kibarua. Hata kama kibarua huyo hajapata kupokea senti moja kwa kukimbia! Sababu waliyoitoa ni kuwa mwili wa kibarua umekazwa na kazi, kwa hivyo si haki kumshindanisha na bwana mkubwa. Sababu iliyofichika kila mtu aijua. Mabwana hawakupenda kupitwa na wachukuzi wao.

Sasa ichukue kanuni ile uilete mwambao wa Mwanza wa zama zile zile. Speke aliondoka Tabora Julai 9, 1858, akafika Mwanza Agosti 3, na ziwa akaliona kutoka juu ya kilima. Vitabu vikamwandika yeye. Mizigo yake haikutembea yenyewe. Ilichukuliwa na watu, na mbele yao yuko Sidi Mubarak Bombay, aliyewahi kuwa mtumwa kisha akawa kiongozi wa misafara. Stanley alifika Kageyi, kwenye mwambao huo huo, Februari 27, 1875, akiwa na watu wengi kutoka Unguja, na hapo alimkuta Songoro, mfanyabiashara kutoka pwani, amekwisha tangulia. Njia ya kutoka Bagamoyo hata ziwani ilikuwa ni njia ya miguu ya Wanyamwezi na Wasukuma. Mpagazi mmoja alichukua mzigo wa frasila mbili hivi, yaani kilo 32, juu ya bega au kichwani, siku baada ya siku, akipanda na kushuka, kwa miezi. Ujira wake ulikuwa majora ya marekani na kaniki, shanga, na posho ya njiani.

Je, mpagazi huyu alikuwa mtu wa ujira tu? Wasafiri wa wakati ule wameandika kuwa kwa Wanyamwezi kijana hakuhesabiwa mume kamili mpaka aende pwani na mzigo wake na arudi. Kijana aliondoka kwao kwa kutaka nguo za kulipia mahari, ni kweli, lakini aliondoka pia kwa kutaka akirudi aitwe mtu. Ujira na ridhaa vilikuwa katika mguu mmoja. Nasi twasema kuwa hivyo ndivyo walivyo watu wengi wenye kazi ngumu: mvuvi, seremala, mama mpika maandazi. Hufanya kwa kuwa hawana budi kula, na hufanya vizuri kwa kuwa nafsi zao hazikubali kufanya vibaya. Kanuni ya London ya mwaka 1866 isingempa mtu huyu hata mahali pa kusimama kwenye mstari.

Kilipoundwa chama kikubwa cha riadha cha Uingereza mwaka 1880, kifungu kile cha kuwatoa mafundi na vibarua kiliondolewa. Kifungu cha fedha kilibaki, kikaenea dunia nzima, na kwa miaka 100 kiliwatesa watu wengi. Paavo Nurmi wa Finland, aliyepata medali 9 za dhahabu za Olimpiki katika miaka ya 1920, 1924 na 1928, alizuiliwa kukimbia Los Angeles mwaka 1932 kwa kuambiwa kuwa alipokea nauli iliyozidi kiasi. Na tajiri ambaye hakuhitaji nauli hakuulizwa kitu.

Ajabu ni kwamba mwaka huo huo wa 1932, mwezi wa Juni, yalitokea katika ile milima ya Lake District mambo ambayo twaona ndiyo ridhaa khasa. Mtu mmoja mwenye nyumba ya wageni katika mji wa Keswick, jina lake Bob Graham, alitoka na viatu vya mpira vya kuchezea tenisi, chakula chake mkate, mayai ya kuchemsha na matunda, akavikimbia vilele 42 katika muda usiofika saa 24. Hakukuwa na kombe. Hakukuwa na dau. Ilipita karibu miaka 30 ndipo akapatikana wa kumpita. Hata leo anayekamilisha mzunguko ule ndani ya saa 24 hupata jina lake kuandikwa katika daftari la klabu, basi. Kisha akaja Joss Naylor, mfuga kondoo wa bonde la Wasdale, ambaye katika ujana wake mgongo ulimwumiza hata akapasuliwa. Mwaka 1975 alikimbia vilele 72 kwa saa 23 na dakika 20, na mwaka 2006, naye amefika umri wa miaka 70, alikimbia vilele 70. Alifariki mwaka 2024, umri wake miaka 88. Siku nyingi za maisha yake akishuka mlimani alikuwa akienda kwa kondoo zake. Huyu angelipwa au asingelipwa, milima angepanda.

Tumeitaja habari ya Waingereza kwa urefu kwa kuwa vijana wetu waliingia katika mashindano ya dunia chini ya sheria yao. Oktoba 20, 1968, huko Mexico, John Stephen Akhwari wa Tanzania aliingia uwanjani giza limekwisha kuwa giza, goti limefungwa bandeji, wa mwisho katika watu 57 waliomaliza marathon, zaidi ya saa moja nyuma ya mshindi. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, jibu lake lilikuwa kwamba nchi yake haikumpeleka mbali kote kule kwenda kuanza tu, ilimpeleka amalize. Ulimwengu umelikariri jibu hili mpaka limekuwa kama methali. Filbert Bayi, mtoto wa Karatu, alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 mjini Christchurch Februari 2, 1974, kwa dakika 3 na sekunde 32.16, na mwaka 1975 akavunja ya maili. Mwaka 1976 alikuwa katika nguvu zake, lakini Tanzania pamoja na nchi nyingi za Afrika hazikwenda Montreal, kwa kuwa timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imecheza Afrika Kusini kwa makaburu. Bayi alibaki. Mwanamichezo wa ridhaa hana mshahara wa kumfidia; mali yake ni miaka michache ya nguvu, na mmoja katika hiyo aliutoa.

Tunafika sasa kwenye mwambao wetu wa ziwa. Kati ya Mwanza na Musoma pana rasi ya Majita, nchi ya wavuvi na wakulima wa pamba, na huko alizaliwa Suleiman Nyambui mwaka 1953. Alipokwenda Marekani kusoma katika Chuo Kikuu cha Texas kilichoko El Paso, hakuwa tena mtoto. Alikuwa mtu mzima wa miaka ishirini na kitu akikaa darasani na vijana wadogo. Katika mashindano ya vyuo vikuu vya nchi ile alishinda mbio za mita 10,000 miaka minne mfululizo, kuanzia 1979 mpaka 1982. Alipata masomo, hakupata mshahara, kwa kuwa sheria ndiyo ile ile. Mwaka 1980 walikwenda Moscow yeye na Bayi. Bayi akapata medali ya fedha katika mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Siku ya pili yake, Agosti 1, Nyambui akakimbia fainali ya mita 5,000. Miruts Yifter wa Uhabeshi alichomoka katika mzunguko wa mwisho, akamaliza kwa dakika 13 na sekunde 20.91. Nyambui alikuwa nyuma yake kwa sekunde 0.69, kiasi cha mtu kusema bismillah. Medali mbili hizi ndizo Tanzania iliyozipata katika Olimpiki zote, mpaka na ile ya Paris ya mwaka 2024, na zote mbili zilipatikana kwa ridhaa.

Mwaka 1982 wakuu wa riadha ya dunia walilegeza kamba. Waliruhusu fedha za mkimbiaji ziwekwe katika akiba maalum chini ya uangalizi wa chama, na punde si punde mbio za miji mikubwa zikawa zinalipa hadharani. Nyambui alikimbia marathon ya Berlin akaishinda mwaka 1987, akaishinda tena mwaka 1988. Ni mtu yule yule wa Majita. Hapana aliyesema amechafuka. Neno lenyewe la ridhaa shirika la dunia likaliondoa katika jina lake mwaka 2001, na yale yaliyowatesa kina Nurmi yakawa kama hayakuwako.

Ndipo tunapouliza: kama sheria iliyoshikwa kwa miaka 100 kama dini yaweza kuachwa kwa kikao kimoja, ilikuwa imesimama juu ya msingi gani? Kwa maoni yetu kosa lake ni kuwa iliuliza swali lisilofaa. Ilimwuliza mkimbiaji: wewe ni nani, na je, mkono wako umewahi kugusa fedha? Sheria yetu ya Kiislamu huuliza swali jingine kabisa: fedha hii imetoka kwa nani, na ni nani anayekula hasara?

Mbio zenyewe hazina ubaya. Imepokewa kwa Bibi Aisha (r.a.) kwamba alishindana mbio na Mtume (s.a.w.) safarini, akamshinda, kisha baada ya muda, mwili wake ulipokwisha nenepa, wakashindana tena na Mtume (s.a.w.) akamshinda, akamtania kuwa hii ni kwa ile. Hapakuwa na kitu kilichowekwa baina yao ila furaha ya mke na mumewe. Na Bi Hajar, mama yake Nabii Ismail (a.s.), alihangaika baina ya vilima viwili, Swafa na Marwa, mara saba, mtoto analia kiu. Kila mwenye kuhiji hata leo huifuata njia ile, na wanaume huchapuka baina ya alama mbili za kijani. Vilima vyenyewe sasa vimefunikwa na jengo lenye ghorofa na sakafu ya marmar, na mtu aweza kumaliza saayi yake bila ya kuliona jiwe. Lakini idadi ni ile ile saba.

Ama ushindani wa mali, Hadithi imeutaja katika vitu vitatu: ngamia, farasi na mishale, yaani vyombo vya kujihami. Wanazuoni wakakhitalifiana katika mbio za miguu. Mahanafi wamezitia pamoja na vile vitatu. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo ya watu wetu wengi wa pwani, kauli yenye nguvu ni kwamba mbio za miguu zafaa bila ya kuwekewa mali ya kushindaniwa. Wako wanaoiona zawadi anayoitoa mtu wa nje, asiyeshindana, kuwa ni hiba. Hilo tunawaachia masheikh watoe fatwa, nao hawakosekani Mwanza wala Mombasa. Lakini liko ambalo hapana khilafu: wakimbiaji wote wakitoa fedha, zikakusanywa pamoja, na atakayeshinda akazichukua na wengine wakarudi mikono mitupu, hiyo ni kamari, hata ikiwa imepambwa kwa fulana na nambari kifuani. Basi mzazi anayeulizwa ada ya kujiandikisha ana haki ya kuuliza: ada hii ni ya maji, waganga na ulinzi wa barabara, au ndiyo itakayokuwa zawadi ya mshindi? Na zawadi yatoka kwa nani? Waandaaji waaminifu hawataona tabu kujibu.

Nayo ile kamari ya kando ya uwanja, ya Grasmere, imetujia kwa umbo jipya. Kijana hana haja ya kwenda uwanjani. Simu iko mfukoni mwake, na "mkeka" huutandika akiwa kitandani. Jina lenyewe latuudhi. Mkeka kwetu ni kitu cha kuswalia na cha kukalia wageni, na sasa umekuwa jina la karatasi ya kamari. Kuna nyumba ambamo ada ya shule imekwenda huko, na mama hajui mpaka mtoto arudishwe. Kijana anayekimbia kutoka Igogo hata Bugando na kurudi, jasho linamtoka, hana kitu mfukoni, yuko katika hali bora mara elfu kuliko mwenzake aliyeketi akiwabashiria wengine watakavyokimbia. Huyo ndiye tungemjibia yule mzazi wa swali la kwanza.

Imebaki habari ya Swahaba mmoja, Salama bin Al-Akwa (r.a.), aliyekuwa akisifika kwa mbio za miguu. Katika mwaka wa 6 au wa 7 wa Hijra, wavamizi wa Ghatafan waliwateka ngamia wa maziwa wa Mtume (s.a.w.) nje ya Madina. Salama alipanda juu ya kilima, akauelekea mji, akapiga ukelele mara tatu, kisha akawafuata peke yake kwa miguu, nao wako juu ya farasi. Mpanda farasi akimgeukia, yeye hukaa chini ya mti akamtupia mshale. Njia ilipobanwa na milima, alipanda juu akawaporomoshea mawe. Hawakupata nafasi ya kupumua; wakawa wanatupa nguo zao na mikuki yao ili wawe wepesi, zaidi ya nguo 30 na mikuki 30, na kila kitu walichokitupa yeye alikiwekea mawe juu yake kiwe alama. Ngamia wote wakarudi. Mtume (s.a.w.) alipomfikia na jeshi, alimgawia mafungu mawili, fungu la mpanda farasi na fungu la mwenda kwa miguu, hali yeye siku ile hakuwa na farasi. Huo ulikuwa ujira wa mbio, na aliutoa aliye mbora wa viumbe.

Kisha wakarejea. Mtume (s.a.w.) alimpandisha Salama nyuma yake juu ya ngamia wake. Njiani palikuwa na mtu katika Ansari ambaye hajapata kushindwa mbio, akawa anapaza sauti akiuliza kama yuko wa kushindana naye mpaka Madina. Salama akamwuliza kama hamheshimu mkubwa yeyote. Yule akajibu hapana, ila Mtume wa Mungu tu. Salama akaomba ruhusa, akaruhusiwa akitaka. Akaruka chini. Alimwacha yule Mwansari atangulie mwinuko mmoja au miwili huku yeye akiilinda pumzi yake, akamfuata, akaizuia tena pumzi mwinuko mmoja au miwili, ndipo akaongeza mbio mpaka akamfikia, akampiga baina ya mabega na kumwambia kuwa wallahi ameshindwa. Alitangulia kuingia Madina. Hapakuwekwa kitu, hapakupokewa kitu. Walikaa mjini siku tatu tu, kisha wakatoka kwenda Khaibar, Salama akiwa miongoni mwao.